Kichwa Hakina Jina

Ujumbe ulikuwa na maneno matano tu: "Hicho kichwa ni cha mwanangu."

Edina Mwalongo aliusoma akiwa katikati ya saluni, ufagio mkononi, mlango wa mbele bado umefungwa. Akausoma tena. Kisha akafanya jambo ambalo lingemrudia kila alipofumba macho kwa muda mrefu baadaye: aliilaza simu kifudifudi mezani, akaendelea kufagia.

Saluni iliitwa Magotini. Marehemu shangazi yake, Yustina, aliipa jina hilo kwa sababu humo mteja hakai kwenye kiti mbele ya kioo. Anakaa chini, juu ya mkeka, katikati ya magoti ya msusi, na kichwa chake anakiacha mikononi mwa mtu asiyeuona uso wake. Kwa hiyo husema. Wanawake wa Makambako walikuwa wamesema mambo mengi juu ya mkeka ule, na mengine hawakuyasema kabisa, vidole vikayakuta vyenyewe: makovu, vinundu, nywele zilizokatika kwa mawazo, jasho la homa ambayo mwenyewe hajaitambua.

Yustina alikuwa na mtihani mmoja kwa kila msichana aliyekuja kujifunza kazi. Mteja akishaondoka, alimwita pembeni na kumuuliza, "Umekuta nini?" Aliyejibu kovu alirudishwa kwao. Aliyejibu chawa alirudishwa kwao. Jibu lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa "Nywele." Edina alilijua akiwa na miaka kumi na minne, siku ya kwanza, bila kufundishwa. Shangazi alimkumbatia mbele ya watu.

Siku hizi mkeka ulikaa mtupu muda mrefu. Kofia za kusuka zilikuwa zimeingia mjini miaka sita iliyopita. Unaivaa, unachagua mtindo, na dakika tisa baadaye unaivua ukiwa na mistari iliyonyooka kama reli. Magotini walichukua saa tatu kwa kichwa kimoja. Walichobaki nacho cha kuuza ni mikono yenyewe, na sasa ulikuwepo mtandao uliojengwa kwa ajili ya mikono.

Uliitwa Kiganja. Humo hakuna aliyeweka picha wala maneno. Watu waliweka mguso. Saluni ya Nyota Tatu, ng'ambo ya reli, ilijiunga tangu masika, na wanawake walikuwa wakitoka Njombe na Mafinga kuja kukaa mahali ambapo walishapahisi wakiwa nyumbani kwao. Leo, saa kumi jioni, Magotini nayo ilitakiwa kutoa jibu: inajiunga au haijiungi.

Mlango ukagongwa kwa kiwiko. Hivyo ndivyo Skolastika alivyobisha siku hizi.

"Wewe Edina, unafagia au unachimba kisima? Hiyo sakafu imekukosea nini?"

"Shikamoo, dada Skola."

"Marahaba. Na usinipikie chai ya kunibembeleza. Mimi leo nasema ndiyo kabla hujaniuliza."

Skola alisuka Magotini tangu enzi za Yustina, na saluni ilikuwa yao wawili. Bila yeye kukubali, hakuna karatasi iliyosainiwa. Alivuta kigoda, akakaa, akaiweka mikono yake mapajani kama mtu anayeweka mzigo. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo, vimepinda huku na kule kama tangawizi. Asubuhi za baridi hakuweza hata kufunga kifungo cha sweta.

Edina akatazama simu iliyolala kifudifudi. Akasema, "Maji yamechemka."

*

Ilham, wakala wa Kiganja, alifika saa nne na kisanduku kidogo cha bluu. Alikuwa msichana mpole, mwenye adabu zake, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Ndani ya kisanduku mlikuwa na tando nyembamba, angavu, kama ganda la ndani la kitunguu.

"Nipe mikono, mama," akamwambia Skola.

"Taratibu, mwanangu. Hiyo si mikono, ni kuni."

Utando ulijivuta wenyewe juu ya kila kidole mpaka ukapotea machoni. Ilham akaeleza huku akiupapasa usikunjamane. Msusi akiuvaa, utando unasoma kila anachokigusa: ugumu, ulaini, joto, mtetemo, mara elfu moja kwa sekunde. Kisha anayeuvaa mahali pengine, awe Mtwara au Muskat, utando wake hukaza na kulegea vilevile, na ngozi yake huamini kwamba imegusa kilekile.

"Mengine utayaelewa ukishahisi," akasema. "Fumba macho."

Skola akafumba. Kwanza midomo yake ilicheka. "Unga. Mtu anakanda unga wa chapati. Ameweka mafuta mengi huyu." Ilham akabadilisha. "He! Mgongo wa mtoto mchanga. Ana joto, jamani." Akabadilisha tena, na sasa vidole vya Skola, bila kusogea, vilikuwa vinasuka. Uso wake ukatulia. Chozi likatoka kwenye jicho moja, likashuka, naye hakulifuta.

"Haviumi," akasema kwa sauti ndogo. "Edina, haviumi."

"Haviwezi kuuma," Ilham akasema. "Mikono inayosuka ni ya mtu mwingine. Na wewe, mama, ukisuka kichwa kimoja tu kwa wiki, watu watakigusa wiki nzima. Siku nyingine unapumzisha vidole."

Edina alisimama dirishani. Nje, mapanga ya mitambo ya upepo yalizunguka juu ya vilima, meupe, bila haraka. Alijua Skola anamtazama, akijua pia kwamba tumaini likiingia kwa mtu wa umri ule halitoki bila kubomoa kitu.

Skola akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Na mteja je? Watu si watamjua?"

"Hapana, mama. Hakuna sura wala sauti. Sisi tunasema kichwa hakina jina." Ilham akatabasamu, akamgeukia Edina kwa heshima. "Hata kile kipande cha dada Edina, chenye mshono. Watu elfu kumi na moja wamekigusa na hakuna hata mmoja anayejua ni nani. Ndicho kilichowafanya wakubwa wangu wanitume hapa."

Birika likanguruma mekoni. Hakuna aliyekwenda kulizima.

"Kipande gani?" Skola akauliza.

"Cha majaribio..." Ilham akaanza, kisha akaona nyuso zao.

"Edina. Nakuuliza wewe. Kipande gani?"

*

Wiki mbili nyuma, Kiganja waliitumia Magotini jozi moja ya tando za majaribio. Edina hakumwambia Skola. Alijiambia kwamba anataka kuonja kwanza, mpishi haombi ruhusa ya kuonja. Akavaa utando mara tatu. Mara ya kwanza kwa Mama Nyagawa, mke wa karani wa stesheni. Mara ya pili kwa binti mmoja anayesomea unesi. Mara ya tatu, nyuma ya pazia, kwa Mwalimu Atuganile.

Mwalimu Atu alifundisha hisabati shule ya sekondari ya mjini. Mwezi wa pili alikuwa amefunguliwa fuvu na kuondolewa uvimbe. Wenzake walijua yupo semina. Mama yake, kule Tukuyu, alijua yupo semina. Nywele zilipoota urefu wa kushikika alikuja Magotini, akaketi mkekani, akainama bila kusema neno, na Edina akaukuta mshono: unapanda kutoka juu ya sikio la kulia mpaka karibu na utosi, umepinda kama ukingo wa kikombe.

Hakuna kofia ya kusuka ambayo ingeweza kukisuka kichwa kile. Edina alikisuka. Alibuni mistari iliyokuja imelala, ikafika ukingoni mwa mshono, ikapanda juu yake bila kuuvuta, ikashuka upande wa pili imeshikana mikono. Ilimchukua saa nne. Ilikuwa kazi bora aliyowahi kuifanya maishani, na watu wawili tu duniani waliijua.

Hapo ndipo alipoharibu.

Utando ulikuwa na mahali pa kubonyeza palipoandikwa Kulainisha. Ukibonyeza, makovu, vinundu na kila kinachomtofautisha mtu hufutwa, na mgusaji hubaki na kichwa cha kila mtu. Edina alibonyeza, kisha akakigusa kipande chake mwenyewe kujaribu. Kilikuwa kimekufa. Mistari ilipanda bila sababu na kushuka bila sababu. Nani angejua ugumu wa njia kama hajaona mlima? Akaondoa Kulainisha. Akaachia kipande kwenda kwa watu. Na kila alipoona idadi ya wagusaji ikipanda, moyo wake ulipanda nayo.

Kichwa hakina jina. Aliyaamini maneno yale, yeye, mtu aliyeweza kuzimiwa taa, akaletewa vichwa hamsini na kumtaja mwenye kila kimoja. Au hakuyaamini. Aliyaacha tu yamkae mdomoni kwa kuwa yalikuwa matamu.

"Ulimwambia mwenyewe?" Skola aliuliza sasa, katikati ya mvuke wa birika.

Edina akatikisa kichwa.

Skola alianza kuzivua tando vidoleni, moja baada ya nyingine, akitumia meno pale vidole viliposhindwa. Ilham aliinuka kumsaidia. "Kaa," akaambiwa. Alipomaliza alizikunja kwenye leso yake ya kanisani, akazirudisha kwenye kisanduku.

"Yustina alikukumbatia mbele yangu," akasema. "Mimi nilirudishwa kwetu mara mbili kabla ya kujua kunyamaza. Wewe alikukumbatia siku ya kwanza."

Basi. Ilham akaaga, akasema atarudi saa kumi kama walivyopatana, akatoka na viatu mkononi.

*

Mama wa Mwalimu Atu alifika na treni ya adhuhuri. Hakubisha. Alisimama mlangoni na kikapu cha ndizi begani, mwembamba, amefunga kitenge mara mbili kwa ajili ya baridi, akawatazama mikono kabla ya kuwatazama nyuso.

"Shikamoo, mama," Edina akasema.

"Marahaba." Akashusha kikapu. Akamwendea moja kwa moja, akamshika mkono wa kulia, akapitisha kidole gumba chake juu ya ncha za vidole vya Edina, pale penye sugu ya uzi. "Ndiyo wewe. Mkono ndio huu."

"Karibu kiti, mama."

"Naitwa Tusekile. Mimi nami nilisuka, kijijini kwetu, mpaka macho yalipoanza ukungu. Akina mama wa kanisani wamenunua hayo makaratasi ya kuvaa vidoleni. Jumapili tukitoka ibadani tunatembelea saluni za watu, tunasuka bila kusuka, tunacheka." Hakuwa anacheka. "Jumapili hii wakanivalisha, wakaniambia Mama Anyosisye, onja hii, inapendwa. Nyuma ya sikio la kushoto nikakuta kinundu kama punje ya hindi. Nikasema, mbona kama nakijua. Nikapanda utosini. Nywele zinazunguka mara mbili, moja kulia, moja kushoto. Zimenisumbua hizo kila Jumamosi kwa miaka kumi na mbili. Wenzangu wanaongea, mimi siwasikii. Nasema ni mwanangu huyu, nimemkuta kwa watu." Akauachia mkono wa Edina. "Halafu nikaenda upande wa kulia."

Skola, pembeni, aligeuza uso ukutani.

"Ule mshono sikumzaa nao," Bi Tusekile akasema. "Kaka yake, Anyosisye, alikuwa na wa kwake. Palepale. Nilimzika nao. Sasa sikuja kukuuliza kama ni Atu. Nimekuja kukuuliza kama anaumwa."

Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Edina, limekaa humo miaka ishirini. Nywele, mama. Nimekuta nywele. Lilikuwa neno zuri. Lilikuwa limewasitiri mamia ya wanawake. Lakini kulitamka sasa, mbele ya mama huyu, kungekuwa kumtemea mate. Na kusema ndiyo, mama, alifunguliwa fuvu mwezi wa pili, kungekuwa kumvua Atu nguo mara ya pili. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kazi hii, Edina alitafuta mahali pa kusimama asipate.

"Mama, swali hilo si langu kulijibu," akasema. Sauti ilimtoka imechakaa. "Nimeshasema zaidi ya nilichoruhusiwa. Naomba nimwendee mwenyewe kwanza. Nisikuingize kwake ghafla kama nilivyomwingiza kwako."

"Nenda." Bi Tusekile akakaa hatimaye, mkekani, si kwenye kiti. Edina alipofika mlangoni akamsikia akiongeza, taratibu, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo alichosahau kusema:

"Ulikuwa unajivuna, binti. Mkono unasema. Ulipofika kwenye mshono ulipunguza mwendo, kama mtu anayeonyesha gauni jipya. Mimi napapasa jeraha la mwanangu, na vidole vyangu vinajivuna. Nilitaka kuvikata."

*

Alimkuta Mwalimu Atu nje ya darasa la kidato cha pili, kwenye bomba, ananawa chaki. Ndani wanafunzi walikuwa wanacheka jambo fulani. Upepo ulirusha vumbi la uwanjani, na Atu alimlaki kwa uso mkunjufu uliomchoma Edina kuliko kofi.

"Dada Edina! Umenifuata mpaka huku? Kichwa chenyewe bado kizuri, tazama, hata mstari mmoja haujalegea."

Edina alisema yote kwa pumzi moja, akiwa amesimama kama mwanafunzi. Utando, kipande, watu, mama, treni, kikapu.

Atu alicheka kwanza. Kicheko kilikatika kikiwa bado mdomoni.

"Lini?"

"Wiki mbili zilizopita. Jumatano."

"Jumatano ile niliyokusimulia kifo cha kaka yangu."

"Sauti haikuingia, Mwalimu. Kiganja hakichukui..."

"Najua hakichukui sauti. Wanafunzi wangu wanakitumia. Nakuuliza, nilipokuwa nakusimulia, ulikuwa umevaa?"

"Nilikuwa nimevaa."

Bomba lilikuwa bado linatiririka. Atu akalifunga, akalikaza sana.

"Na kuna mahali pa kulainisha. Kwa nini hukulainisha?"

Edina angeweza kusema alisahau. Angeweza kusema hakujua. Majibu hayo yalipita mbele yake, yamevaa vizuri, na kila moja lilimpungia mkono.

"Kulikuwa kunaificha kazi yangu," akasema.

Atu aliitikia kwa kichwa polepole, kama anavyomwitikia mwanafunzi aliyekosea swali lakini ameonyesha njia. Mkono wake ukaanza kupanda kuelekea kichwani, ukaishia hewani, ukarudi chini. Ilikuwa kana kwamba kichwa kile kilikuwa cha mtu mwingine na yeye hajaruhusiwa.

"Nilishaipanga siku yangu," akasema. "Majibu ya mwisho ya hospitali yanatoka mwisho wa mwezi. Ningeenda nyumbani, ningekaa naye jikoni, ningemwambia, mama, niliumwa, nimepona. Maneno mawili, kwa mpangilio huo. Nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo, unajua? Niliumwa, nimepona. Wewe umempa la kwanza peke yake, akalibeba ndani ya treni kutoka Mbeya mpaka hapa."

"Nitakifuta, Mwalimu. Leo hii."

"Kinafutika?"

"Kwenye mtandao, ndiyo. Waliokihifadhi kwenye tando zao..."

Kengele ikalia. Watoto wakamwagika nje, wawili watatu wakasema shikamoo mwalimu, naye akawaitikia wote, mmoja mmoja, kwa sauti yake ya kila siku. Kisha akachukua mkoba wake.

"Nitangulie," akasema. "Usitembee nami."

Edina alimfuata kwa mbali, mjini kote, akitazama ile mistari inavyopanda na kushuka juu ya kisogo. Ilikuwa imesukwa vizuri mno. Hakuna kitu kilichomwaibisha siku ile kama kuona kwamba bado aliipenda.

*

Pazia lilifungwa muda mrefu. Skola na Edina walikaa upande huu, hawatazamani. Kutoka upande ule walisikia sauti ya Atu, ndefu, sawasawa, kisha kitu kama kikohozi cha Bi Tusekile ambacho hakikuwa kikohozi. Baadaye wakasikia chanuo. Mama alikuwa anamfumua nywele.

Ilham alirudi saa kumi kamili, akakaa na kisanduku magotini. Edina akamweleza kwa ufupi nani yupo nyuma ya pazia. Msichana aliweka mkono kifuani.

"Sikujua," akasema. "Naapa, sikujua kichwa kinaweza kutambulika. Kule walikojaribu tando hizi, watu hawasukani wenyewe kwa wenyewe." Akafikiri. "Lakini dada, si lazima iwe hivi. Mnaweza kujiunga na kulainisha kila kichwa. Mnaweza kumwomba kila mteja ruhusa, kwa maandishi, kabla hajakaa. Nitaliandika hilo mwenyewe kwenye mkataba."

Lilikuwa pendekezo la haki, na Skola alimgeukia Edina na uso ulioanza tena kutumaini. Ndiyo maana ilikuwa vigumu.

"Nimwombe ruhusa ya nini?" Edina akasema. "Mteja hajui nitakachokikuta. Mimi mwenyewe sijui mpaka nimekigusa, na nikishagusa, wamegusa wote. Na huko kulainisha ni kwa kubonyeza, Ilham, na anayebonyeza ni mimi. Umeona nilivyobonyeza. Labda yupo msusi anayeweza kupewa kitu hiki. Mimi siye. Magotini haijiungi."

"Na mikono yangu?" Skola akauliza.

Aliuliza bila hasira, na mikono yenyewe ilikuwa pale mapajani, imepinda, inasubiri jibu.

"Sijui, dada Skola."

"Hukuniuliza ulipoanza, na hukuniuliza ulipomaliza," Skola akasema. "Kura yangu ilikuwa wapi?"

"Basi piga sasa."

Skola akalitazama pazia muda mrefu. "Mimi ningemnyamazia yule mwalimu," akasema hatimaye. "Ningenyamaza na tando zangu vidoleni na vidole vyangu visingeuma." Akamgeukia msichana. "Peleka kisanduku, mwanangu Ilham. Tusije tukabadili mawazo asubuhi kwenye baridi."

Pazia likafunguka. Atu alitoka kwanza, macho mekundu, nusu ya kichwa imefumuliwa na nywele zimesimama, mshono uko wazi kwa yeyote wa kuuona. Hakuufunika. Nyuma yake alikuja mama yake. Akavuta kigoda cha Edina, akakikalia, akatenganisha magoti.

"Kaa," akamwambia Edina.

"Mama?"

"Kaa hapa chini. Na hicho kilemba ukitoe."

Tangu Yustina alipokufa hakuna mkono uliogusa kichwa cha Edina. Alijisuka mwenyewe pembezoni, akavaa kilemba juu, mwaka baada ya mwaka, na watu walidhani ni madaha ya msusi. Sasa alikaa mkekani. Vidole vyake vilishindwa fundo la kilemba mara mbili. Kilipoanguka alitazama sakafu aliyoifagia asubuhi kwa bidii nyingi sana.

Mikono ya Bi Tusekile ilianza kwenye paji la uso. Ilikuwa mikavu, ya moto, haina haraka. Ikapita juu ya masikio. Ikashuka kisogoni, ikapanda. Ikafika utosini, pale ambapo palikuwa pamekwisha kuwa patupu, upana wa kiganja cha mtoto, ngozi laini inayong'aa isiyo na hata unywele mmoja. Msusi mwenye upara. Edina alifumba macho. Alisubiri mwendo upungue, kama yeye alivyoupunguza. Haukupungua. Vidole vikapita juu ya patupu kwa mwendo uleule, vikaenda zao upande wa pili, vikamaliza, vikaondoka.

Kutoka pale walipoketi, Skola na Ilham waliona magoti ya mama na mikono yake tu. Ilham, pengine kwa mazoea ya kazi yake, pengine kwa kutaka tu kuvunja kimya, akauliza:

"Umekuta nini, mama?"

Skola akashtuka kama aliyesikia marehemu akiongea.

"Nywele," Bi Tusekile akasema.

Haukuwa msamaha. Edina alilisikiliza neno lile kwa kila namna na hakukuta msamaha ndani yake. Ilikuwa kazi tu, inavyofanywa na mtu anayeijua, hata juu ya kichwa asichokipenda.

Bi Tusekile akajifuta mafuta kwenye kitenge, akamwita mwanawe arudi amalizie kufumuliwa. Edina alitoka mkekani kwa magoti, akaenda mezani, akaigeuza simu. Akakifuta kipande cha Atu na vile viwili vingine. Chini palitokea idadi ya waliokihifadhi, nayo haikufutika. Akaisoma mpaka mwisho. Kisha akatoka, kwa sababu binti wa unesi alikuwa zamu mpaka usiku lakini Mama Nyagawa alikuwa nyumbani, nyumba ya tatu baada ya stesheni, hajui lolote kuhusu kipande chake, pengine anapika.

Upepo ulikuwa mkali kama kawaida ya Makambako. Njiani watu wawili walimsalimu, wakamtazama, wakatazama pembeni, naye hakuelewa kwa nini. Kilemba alikuwa amekiacha juu ya mkeka, na alipokumbuka tayari alikuwa amepiga hodi.